Malezi, Karatasi na Daraja: Uhakiki wa Miaka ya Mwanzo ya Mtoto katika Utendi wa Mwana Kupona, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini na Rosa Mistika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna malezi na elimu ya miaka ya mwanzo ya mtoto yanavyohusishwa na kupanda, kudumu au kushuka kwa daraja la mtu katika kazi tatu za fasihi ya Kiswahili: Utendi wa Mwana Kupona (1858), Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Uhakiki umeongozwa na dhana ya mtaji wa kiutamaduni ya Pierre Bourdieu, nayo dhana hiyo imepimwa kwa kazi zenyewe. Hoja kuu ni kwamba usomaji uliozoeleka, unaoyachukulia malezi kuwa dhamira ya maadili pekee, humfanya mzazi kuwa mshitakiwa wa peke yake, ilhali kazi hizi zinaonesha kwamba thamani ya kile ambacho mzazi humpa mtoto hupangwa nje ya nyumba: na dola, na ubaguzi wa rangi, na mahusiano ya kijinsia.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, malezi ni miongoni mwa dhamira zinazotajwa mara nyingi na kuchunguzwa kwa uchache. Mhakiki anapokutana na mhusika kijana aliyeharibikiwa, hurudi nyuma kumtafuta mzazi, na akishampata hufunga mjadala kwa methali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; samaki mkunje angali mbichi; asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi zina hekima yake, lakini zinapotumika kama hukumu, huufanya uhusiano wa malezi na maisha ya baadaye uonekane kuwa wa moja kwa moja, kana kwamba kati ya mkono wa mzazi na hatima ya mtoto hakuna kitu kingine.

Hazina hiyohiyo ya methali, hata hivyo, inayo sauti nyingine. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii haisemi kwamba mhunzi alimlea mwanawe vizuri au vibaya. Inasema kwamba mtoto aliyezaliwa penye kiriba na nyundo hujifunza kazi ya mahali hapo kabla hajaambiwa ajifunze, na kwamba hata asipofikia ufundi wa baba yake, nafasi yake imekwisha kupangwa kando ya moto. Hapa malezi hayapimwi kwa wema wala ubaya. Yanatazamwa kama njia ambayo kazi, hadhi na daraja hupita kutoka kizazi kimoja kwenda kingine.

Makala haya yanachukua mtazamo wa methali hii ya pili na kuuliza: je, fasihi ya Kiswahili inaeleza nini kuhusu mahali ambapo malezi hukutana na daraja? Swali hili lina uzito wa sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliipa elimu ya awali nafasi katika mfumo rasmi kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi iliyaweka madarasa mawili ya awali katika msingi wa mfumo wake. Kauli inayohalalisha hatua hizi ni kwamba mtoto akianza vizuri atafika mbali. Fasihi imekuwa ikiishughulikia kauli hiyo kwa zaidi ya karne moja na nusu, nayo haikuikubali bila masharti.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Bourdieu, akiandika kuhusu jamii ya Ufaransa, na hasa katika kazi aliyoiandika pamoja na Jean-Claude Passeron mwaka 1970, alidai kwamba shule haiwatendei watoto wote kwa usawa hata pale inapowapa mtihani mmoja. Mtoto wa tabaka la juu huja shuleni na lugha, mazoea na ujasiri ambao shule huuhesabu kama akili. Mtoto wa tabaka la chini huja bila vitu hivyo, na upungufu wake huhesabiwa kama uzito wa kichwa. Baadaye Bourdieu aliainisha hali tatu za mtaji wa kiutamaduni: ule uliojengeka katika mwili na tabia ya mtu, ule uliomo katika vitu kama vitabu na maandishi, na ule unaothibitishwa na taasisi kwa njia ya vyeti.

Uainishaji huu unafaa kwa sababu kila kazi kati ya tatu zinazohakikiwa inaegemea zaidi hali mojawapo. Mwana Kupona anashughulika na adabu iliyokwisha kuingia mwilini. Shaaban Robert anashughulika na maandishi. Kezilahabi anashughulika na shule na vyeti. Hata hivyo, nadharia hii haipaswi kuvalishwa kazi hizi kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ilizaliwa katika nchi yenye dola moja iliyodumu na mfumo wa shule uliokita mizizi. Pwani ya Afrika Mashariki na bara lake vilipita katika tawala mbalimbali katika kipindi hichohicho ambacho kazi hizi ziliandikwa. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza mtaji gani unarithishwa, inabidi kuuliza pia ni nani anayeutambua mtaji huo na kwa muda gani.

Kuna kielelezo kimoja kinachopatikana katika kazi zote tatu na ambacho kinasaidia ulinganisho. Kielelezo hicho ni karatasi. Katika utendi, karatasi imo mikononi mwa binti. Katika wasifu, imo mikononi mwa baba anayeandika kwa ajili ya watoto. Katika riwaya, inaonekana kwanza kama barua inayomletea binti kipigo. Nafasi ya karatasi katika kila kazi inaonesha uhusiano wa mzazi, mtoto na daraja wanalolishikilia au kulitafuta.

3.0 Utendi wa Mwana Kupona: Adabu kama Urithi wa Daraja

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akiwa mjane wa Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu katika kisiwa cha Pate aliyepambana kwa muda mrefu na mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Anayeusiwa ni bintiye, Mwana Hashima, aliyeishi hadi karne ya 20. Uhakiki wa utendi huu umejikita zaidi katika suala la utii wa mke kwa mume. Wapo walioliona shairi kama chombo cha kumtiisha mwanamke, na wapo waliotaka lisomwe upya, kama Ann Biersteker (1991), aliyeelekeza macho kwenye uhusiano wa lugha na mamlaka. Mjadala huo una manufaa, lakini umeliacha nyuma jambo jingine ambalo limo katika beti za mwanzo.

Mama anamwita binti akae karibu naye akiwa na wino na karatasi. Maana yake ni kwamba binti anajua kuandika. Utendi hauelezi alijifunza lini, kwa nani, wala kwa gharama gani. Katika miji ya Waswahili ya wakati ule, mtoto alianza kusoma chuoni, yaani katika darasa la Kurani, akiwa bado mdogo, lakini kusoma Kurani na kuweza kuandika utenzi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu si kiwango kimoja cha elimu. Binti anayeandikishwa wasia na mama yake ni zao la miaka mingi ya mafunzo ambayo shairi halioni haja ya kuyasimulia. Kwa maneno mengine, utendi hauanzishi malezi ya Mwana Hashima bali unayahitimisha.

Ukimya huo ndio unaobeba maana ya kitabaka. Watu wa daraja la juu hawasimulii namna walivyoipata adabu yao, kwa sababu adabu hiyo inapaswa ionekane kuwa ni maumbile. Kinachosimuliwa ni mipaka. Miongoni mwa maonyo ya mama ni kutochangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Onyo hili mara nyingi hupitiwa haraka na wahakiki wanaokimbilia beti za ndoa, ilhali ndilo linaloonesha wazi kwamba wasia mzima unazungumza kutoka mahali maalumu katika ngazi ya jamii. Ulimi wenye staha, salamu zenye heshima, uaminifu na kuchagua watu wa kukaa nao, vyote ni maadili. Lakini katika utendi huu, maadili hayohayo ni alama zinazomtenga binti wa sheikh na mjakazi anayefagia ua uleule.

Msomaji anaweza kupinga kwamba haya ni mafunzo ya dini na kwamba dini huwahusu wote. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Ibada na uchaji Mungu anaousisitiza Mwana Kupona haukuwa mali ya tabaka moja. Hata hivyo, muda wa kukaa kitako, wino, karatasi na mama mwenye ilimu ya kutunga havikuwa vya wote. Mjakazi aliweza kuwa mcha Mungu kuliko bibi yake, lakini hakukuwa na utaratibu wa kijamii uliomwandaa mwanawe kuandika utendi.

Historia inaongeza jambo ambalo nadharia ya Bourdieu pekee isingeliona. Mwaka 1863, miaka mitano baada ya utendi kutungwa, Siyu iliangukia mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Mama alikuwa anamkabidhi binti mtaji wa daraja ambalo msingi wake wa kisiasa ulikuwa unabomoka. Wasia uliosomwa kwa muda mrefu kama sauti ya mamlaka iliyotulia ni, kwa upande mwingine, wasia wa mtu anayejua kwamba mume amekufa, yeye mwenyewe anakufa, na mji hauna uhakika. Adabu ndiyo hazina ambayo askari wa Sultani hawawezi kuichukua. Lakini kwamba haiwezi kuchukuliwa si sawa na kwamba itaendelea kutambuliwa. Bei yake ilitegemea nani anatawala pwani.

4.0 Shaaban Robert: Hati ya Karani

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni kama karani wa forodha. Alibaki katika idara hiyo hadi mwaka 1944, na baadaye akahamia idara nyingine. Maisha haya yanaonesha aina mpya ya kupanda daraja katika Tanganyika: daraja linalopatikana kwa kusoma shule ya serikali na kuajiriwa kwa kalamu. Karani hakuwa sheikh wala mwana wa sheikh. Hadhi yake ilitokana na hati nzuri ya mkono, hesabu sahihi na cheti.

Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, mwandishi anasimulia ndoa yake na Amina, kifo cha mke huyo, na jukumu la kuwalea watoto lililombakia. Ndani ya kitabu hicho zimo tenzi mbili za wasia: Hati, aliyomtungia bintiye Mwanjaa, na Adili, aliyomtungia mwanawe wa kiume. Uhusiano wa Hati na utendi wa Mwana Kupona uko wazi: mzazi anamwusia binti katika umbo lilelile, kwa mada zinazokaribiana. Lakini kufanana huko kusifiche mabadiliko yaliyotokea.

Mabadiliko ya kwanza ni ya karatasi. Mwana Kupona anatamka na binti anaandika. Shaaban Robert anaandika yeye mwenyewe, na anaiita kazi yake Hati. Jina hilo ni la ofisini na la sheria: hati ni andiko linalothibitisha haki ya mtu juu ya kitu. Baba ambaye hakurithi cheo na hana mji wa kumwachia mtoto anamwachia andiko. Malezi yaliyokuwa yanapita katika ukaribu wa mama na binti chumbani sasa yanapita katika maandishi yanayoweza kusomwa baba akiwa hayupo. Kwa mtumishi aliyekuwa akihamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, na kwa watoto waliofiwa na mama, hilo halikuwa pambo la fasihi. Lilikuwa hitaji la nyumba.

Mabadiliko ya pili ni ya mgawanyo. Watoto wawili wanapewa tenzi mbili. Katika wasia wa binti, mkazo mkubwa ni nyumba, ndoa na mwenendo wa mwanamke; katika wasia wa mwana, upeo unapanuka kuelekea mwenendo wa mtu mbele ya Mungu, watu na shughuli za dunia. Mwandishi huyu alijulikana kwa kutetea utu wa wote, na heshima yake kwa wanawake inaonekana katika kazi zake nyingi. Pamoja na hayo, muundo wa tenzi hizi mbili unaonesha kwamba ngazi aliyoipanda karani ilikuwa bado ngazi ya wanaume. Binti anapewa adabu ya kulinda daraja. Mwana anapewa adabu ya kulitumia. Uhakiki unaozisoma tenzi hizi kila mmoja peke yake, kama inavyofanyika mara nyingi madarasani, hauwezi kuuona mgawanyo huo, kwa kuwa hauonekani ndani ya utenzi wowote bali kati yake.

Suala la tatu ni kikomo cha ngazi yenyewe. Katika utumishi wa kikoloni, Mwafrika mwenye elimu aliajiriwa chini ya Mzungu, na kwa kawaida alibaki chini yake bila kujali umahiri wake. Mtu ambaye jamii ya wasomaji ilimtambua kama mwandishi mkubwa kuliko wote katika lugha yake alitumia miaka 18 katika ukarani wa forodha. Hapa mtaji upo, tena mwingi, na taasisi iliyoutoa ipo. Kilichozuia usibadilike kuwa cheo ni rangi ya mwenye nao. Ndiyo maana msisitizo wa Shaaban Robert juu ya utu na adili haupaswi kusomwa kama mahubiri tu. Katika mfumo ambao kipimo cha nje kilikuwa cha dhuluma, wasia wa adili uliwapa watoto kipimo kingine ambacho bwana mkubwa wa ofisi hakuwa na mamlaka nacho. Udhaifu wa kipimo hicho ni kwamba kinamsaidia mtoto kustahimili kikomo, lakini hakikiondoi.

5.0 Rosa Mistika: Shule kama Ngazi na Nyumba kama Hofu

Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, miaka minne baada ya Julius Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi fulani kwa sababu ya namna ilivyosimulia mahusiano ya kimapenzi, na marufuku hiyo iliuathiri uhakiki wake: mjadala ukawa juu ya uadilifu wa kitabu na, baadaye, juu ya uadilifu wa Zakaria, baba yake Rosa. Zakaria ni mlevi na mkali. Anampiga mkewe Regina, na anampiga vibaya binti yake anapogundua barua aliyoandikiwa na mvulana, Charles. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Anapoondoka nyumbani kwa masomo na hofu hiyo inapovunjika, hana kitu kingine cha kumwongoza. Anaharibikiwa, na mwishowe anajiua.

Hitimisho la wahakiki wengi ni kwamba Rosa ameangamizwa na malezi ya mabavu. Hitimisho hilo lina ushahidi, na makala haya hayakusudii kumtetea Zakaria. Lakini linaacha maswali matatu ambayo riwaya yenyewe inayauliza.

Swali la kwanza linahusu barua. Katika utendi, binti mwenye karatasi ni fahari ya mama. Katika riwaya, binti mwenye karatasi ni mtuhumiwa. Rosa amepelekwa shule ajue kusoma, na matunda ya mwanzo ya kusoma kwake nje ya darasa yanamletea kipigo. Zakaria anataka shule impe binti daraja, lakini hataki impe uwezo wa kuwasiliana na ulimwengu bila yeye kuwa katikati. Mgongano huu si wa Zakaria peke yake. Ni mgongano wa jamii iliyoifungua shule kwa wasichana huku ikiendelea kuipima thamani ya msichana kwa ubikira wake. Inafaa kukumbuka kwamba katika shule za Tanzania mimba ilimaanisha mwisho wa masomo ya msichana kwa miongo mingi, hadi serikali ilipotangaza mwaka 2021 kwamba waliojifungua wangeweza kurudi darasani. Mzazi aliyeishi chini ya utaratibu huo aliuona mwili wa binti kama mahali ambapo gharama zote za shule zingeweza kupotea kwa siku moja. Ukali wa Zakaria ni ukatili, lakini ni ukatili unaofuata mantiki ya taasisi.

Swali la pili linahusu wanaoipokea kazi ya Zakaria baada yake. Rosa hakutani na mabaya yake katika vichochoro vya walevi. Anakutana nayo kwa watu wa daraja lile ambalo shule ilimwahidi: mtumishi wa serikali mwenye cheo, na mkuu wa chuo cha ualimu. Hawa ni watu waliofika. Ni vielelezo hai vya mafanikio ya elimu, na ndio wanaoyatumia mamlaka yao kumtumia yeye. Ikiwa anguko la Rosa lingekuwa matokeo ya nyumba tu, basi shule na ofisi zingekuwa kimbilio lake. Riwaya inaonesha kinyume. Hofu aliyofundishwa nyumbani akiwa mdogo haikumwandaa kusema hapana kwa mtu mwenye mamlaka. Ilimwandaa kunyamaza mbele yake. Kipigo kilikuwa, kwa maana hiyo, elimu yake ya awali, na watu wenye vyeo waliinufaikia.

Swali la tatu linahusu cheti. Rosa anasomea ualimu, yaani anafikia hatua ambayo kwa kipimo cha Bourdieu mtaji wake unathibitishwa na taasisi. Katika jamii inayohitaji walimu, cheti hicho kilipaswa kuwa hakikisho la daraja jipya. Lakini pale mchumba anapomkataa kwa sababu ya historia yake, inadhihirika kwamba kwa mwanamke cheti hakihesabiki peke yake. Kinapimwa pamoja na sifa ya mwili wake, na sifa ikipungua, cheti hakifidii. Mwanamume aliyeshiriki naye hatozwi kodi hiyo. Deogratias anabaki na cheo chake.

Kwa msingi huu, mabishano ya baba na binti mbele ya Mungu yanayokuja mwishoni mwa riwaya yanaweza kusomwa upya. Rosa anamlaumu Zakaria na Zakaria anamlaumu Rosa. Wahakiki wameyachukua mabishano hayo kama mwaliko wa kuamua nani kati yao mwenye hatia. Lakini kinachovutia zaidi ni wale ambao hawapo katika kesi hiyo. Mkuu wa chuo hakuitwa. Mtumishi wa serikali hakuitwa. Regina, ambaye mzigo wa nyumba ulimwangukia, hana nafasi ya mlalamikaji. Kesi imepunguzwa ikawa ugomvi wa familia, na kupunguzwa huko ndiko uhakiki wa malezi umekuwa ukikufanya tangu hapo. Riwaya inaonesha ufinyu wa mahakama hiyo. Uhakiki umeingia ndani yake na kuketi kama hakimu.

6.0 Ulinganisho na Athari kwa Utafiti

Kazi hizi tatu zinaafikiana katika jambo moja ambalo hakuna hata moja inayolitamka. Miaka ya mwanzo ya mtoto ina nguvu, na nguvu hiyo huonekana baadaye, wakati mtoto anapokutana na daraja la watu wengine. Mwana Hashima ana wino na karatasi kwa sababu ya mafunzo yasiyosimuliwa. Mwanjaa na nduguye wana maandishi kwa sababu baba yao alifundishwa kuandika. Rosa ana hofu kwa sababu alipigwa. Katika hili, methali ya samaki haikosei.

Zinatofautiana na methali hiyo katika hatua inayofuata. Kilichotolewa nyumbani kinapofika nje hupewa bei, na bei hiyo haipangwi na mzazi. Adabu ya Siyu ilishuka thamani kadiri Siyu yenyewe ilivyoshuka. Kalamu ya karani ilizuiwa na rangi. Cheti cha mwalimu kilipunguzwa thamani na jinsia. Nadharia ya Bourdieu inasaidia kuliona la kwanza, yaani urithishaji, lakini kazi hizi zinaisahihisha katika la pili. Katika jamii ambamo tawala zilibadilika na vipimo vikabadilika pamoja nazo, mtaji haukuwa na hakika ya kutambuliwa hata na kizazi kilichoupokea.

Athari ya hoja hii kwa utafiti wa dhamira ya malezi ni ya kimbinu. Haitoshi kuorodhesha malezi mema na malezi mabaya katika riwaya na kuyaunganisha na hatima za wahusika. Mtafiti anapaswa kuchunguza kwanza kile ambacho matini haisimulii kuhusu miaka ya mwanzo, kwa kuwa mara nyingi kilichoachwa ndicho kinachochukuliwa kuwa haki ya daraja fulani. Pili, anapaswa kuchunguza nani nje ya familia ana mamlaka ya kutambua au kukataa kile mtoto alichopewa. Tatu, anapaswa kulinganisha watoto wa kike na wa kiume ndani ya kazi moja, hata pale mwandishi alipowatenganisha katika matini mbili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Utendi wa Mwana Kupona, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini na Rosa Mistika zinaungana katika historia moja ya fikra kuhusu malezi na daraja. Katika historia hiyo, daraja lilirithishwa kwa adabu, likaandikwa kwa hati, kisha likaahidiwa kwa cheti. Kila hatua ilifungua mlango kwa baadhi na kuacha wengine nje. Mjakazi wa Siyu hakuingia katika utendi isipokuwa kama mtu wa kuepukwa, na mafunzo aliyompa mwanawe hayajulikani. Kupanuliwa kwa elimu ya awali katika nchi za Afrika Mashariki ni jaribio la kumfikia mwana wa mjakazi huyo. Ni jaribio linalostahili, nalo litapimwa kwa idadi ya watoto waliokaa darasani. Fasihi inadai kipimo cha ziada: ikiwa mtoto huyo, atakapotoka na alichopewa, atakuta nje watu walio tayari kukihesabu kuwa na thamani. Hadi swali hilo lijibiwe, uhakiki hauna haki ya kumwita mzazi peke yake kizimbani.